Kemia kwa wasiosoma sayansi: namna ya kuifundisha kwa vitendo kwa vitu vya nyumbani

Kwa miaka mingi katika sekondari zetu, kemia imesomwa na wanafunzi wote kidato cha kwanza na cha pili, kisha wengi wameiacha. Wanaokwenda upande wa sanaa au biashara hufunga daftari lile na kulisahau. Lakini mwanafunzi akiiacha kemia, kemia haimwachi. Kesho atachanganya dawa ya kunyunyizia nyanya, atapika sabuni na kikundi cha akina mama, atanunua chokaa ya shamba, au atalala chumba kimoja na jiko la mkaa usiku wa baridi.

Ndugu msikilizaji, makala haya tumeyaandaa kwa ajili ya walimu, wazazi, viongozi wa vikundi na wanafunzi wenyewe. Tunaeleza kwa nini kemia huwaponyoka wasiosoma sayansi, na namna ya kuifundisha kwa mikono, kwa vitu vinavyopatikana jikoni na dukani kijijini. Yako masomo matano unayoweza kuyafanya bila maabara. Yasome polepole, na sehemu ya usalama usiiruke.

Kwa nini kemia huwaponyoka wengi

Alex Johnstone, mtaalamu wa ufundishaji wa kemia katika Chuo Kikuu cha Glasgow huko Uskoti, alieleza kwamba kemia ina sura tatu. Ya kwanza ni ile tunayoiona: chuma kinashika kutu, maziwa yanaganda, kuni zinaungua. Ya pili haionekani kwa macho: atomi na molekuli zinazoachana na kushikana upya. Ya tatu ni alama: H₂O, CO₂, mishale na milinganyo.

Mtu aliyezoea somo hili huruka kutoka sura moja kwenda nyingine bila kujua kwamba ameruka. Anayeanza hawezi. Akiletewa zote tatu kwa pigo moja, kichwa kinajaa na anachagua njia rahisi: anakariri. Mara nyingi sisi huanzia ubaoni, kwenye alama, ambazo ndizo zilizo mbali zaidi na maisha yake. Mwanafunzi anaandika mlinganyo wa kutu hali hajawahi kuulizwa kwa nini mabati ya Pwani hayadumu kama ya Dodoma.

Kufundisha kwa vitendo ni kugeuza mpangilio huo. Tunaanza na kinachoonekana na kushikika, kisha tunauliza kuna nini ndani kisichoonekana, na mwisho kabisa tunaleta alama, kama mtu anavyoandika kwa kifupi jambo analolijua tayari.

Si jambo jipya

Kuwafundisha kemia watu wasio wanasayansi kuna historia ndefu. Mwaka 1805, mwanamke aliyeishi London, Jane Marcet, alitoa kitabu cha mazungumzo kati ya mwalimu na wasichana wawili. Kitabu kilijadili kemia kwa majaribio na kwa lugha ya kila siku, kwa ajili ya watu ambao hawakuwa na nafasi ya kuisoma darasani. Miongoni mwa waliokisoma alikuwa kijana fukara aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu, Michael Faraday. Hakuwahi kusoma chuo kikuu, lakini alikuja kuwa mmoja wa wanasayansi wakubwa wa karne ya 19, na hakuacha kumshukuru Bi Marcet. Faraday naye aliwafundisha vijana kemia nzima ya kuungua kwa kutumia kitu kimoja tu: mshumaa.

Karibu na wakati wetu, Chama cha Kemia cha Marekani kilitoa mwaka 1988 kitabu cha sekondari kinachoanzia kwenye matatizo ya jamii kama maji safi, na mwaka 1994 kikatoa kingine kwa wanafunzi wa vyuo wasiosomea sayansi. Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, walitengenezwa visanduku vidogo vya plastiki vinavyotumia matone badala ya chupa za kioo, na UNESCO ikasaidia kuvisambaza nchi nyingi.

Somo tunalolipata humo ni moja. Anayeanza hahitaji chumba chenye mabomba na vioo. Anahitaji swali zuri, vitu vichache, na nafasi ya kushika mwenyewe.

Tabiri, tazama, eleza

Vitendo peke yake havitoshi. Mwanafunzi anaweza kuona povu, akacheka, akaenda nyumbani na povu kichwani na si kingine. Ili kitendo kizae uelewa, fuata hatua tatu, na usibadilishe mpangilio wake.

Tabiri. Kabla ya kugusa chochote, kila mmoja aandike anachodhani kitatokea, na sababu yake. Hili ndilo jambo ambalo walimu wengi huliruka, na ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Aliyeandika utabiri ana dau mezani. Atatazama kwa makini.

Tazama. Afanye, kisha aandike alichokiona hasa, si alichotegemea kukiona. "Ilitoa gesi" si kitu cha kuonwa. "Vilitokea viputo" ndicho kilichoonekana.

Eleza. Alinganishe utabiri na kilichotokea. Vikitofautiana, hapo ndipo somo lilipo. Usimcheke aliyekosea, wala usiharakishe kutoa jibu. Uliza: "Wewe unadhani kwa nini?"

Sanduku la kemia la kijijini

Kusanya vitu hivi katika boksi moja: chupa za maji za plastiki, glasi za kioo nyembamba na pana, vijiko, sahani nyeupe, mishumaa na kiberiti, maputo, misumari ya kawaida isiyopakwa rangi ya fedha, na mabomba ya sindano mapya yasiyo na sindano, kutoka duka la dawa. Bomba la mililita 10 hupima vizuri kuliko kijiko. Ongeza limau, siki, magadi ya kupikia, chumvi, majivu, sabuni ya kipande, choya iliyokaushwa, unga wa manjano, mahindi, maharage na ulezi. Ukipata mizani ya kupimia unga ya dukani, utaihitaji katika somo la tano.

Chochote kilichotumika katika majaribio kisirudi jikoni. Weka alama kwenye vyombo hivyo.

Somo la kwanza: rangi inayosema kweli

Anza na jambo ambalo kila mfuaji nguo analijua. Doa la mchuzi wenye manjano limeingia kwenye shati jeupe. Unapaka sabuni, na doa la njano linageuka jekundu kama damu ya mzee. Uliza darasa: sabuni imefanya nini?

Koroga unga wa manjano katika maji ya moto kidogo, chovya vipande vya karatasi nyeupe, viache vikauke. Halafu dondoshea tone la limau, la siki, la maji ya chumvi, la magadi, la maji ya majivu na la sabuni. Karatasi itabaki ya njano kwa limau, siki na chumvi, na itageuka nyekundu ya hudhurungi kwa magadi, majivu na sabuni. Sasa dondoshea limau juu ya ile nyekundu: njano inarudi.

Fanya tena kwa choya. Loweka maua makavu kwenye maji ya moto, chuja. Limau huifanya iwe nyekundu inayong'aa, na magadi huigeuza kuwa kijani au rangi ya giza.

Mpaka hapo usitaje neno asidi. Waache wanafunzi wapange vitu vyote katika makundi mawili wenyewe, kwa rangi peke yake. Wakishapanga, waambie: kundi la limau wataalamu huliita asidi, kundi la magadi huliita besi, na kitu kinachobadili rangi kama manjano huitwa kiashiria. Neno limekuja baada ya kitu, na litakaa.

Kisha wapeleke maishani. Kiungulia ni asidi ya tumbo iliyopanda juu, na vidonge vya kiungulia ni besi nyepesi. Udongo wa maeneo yenye mvua nyingi huelekea kuwa na asidi, na chokaa ya kilimo huipunguza. Ila mwambie mkulima ukweli: rangi ya choya haitoshi kupimia shamba, kwa sababu udongo wenyewe una rangi, na kiasi cha chokaa kinahitaji kipimo cha maabara. Choya inafundisha kipimo ni nini. Haichukui nafasi ya bwana shamba.

Somo la pili: hewa inayomiminika

Weka vijiko viwili vya magadi ndani ya puto, na mililita 50 za siki au maji ya limau ndani ya chupa. Vika puto mdomoni mwa chupa bila kumwaga, waulize wanafunzi watabiri, kisha inua puto magadi yaangukie ndani. Povu linapanda na puto linajaa.

Jaribio la pili ni zuri zaidi. Weka magadi na siki kwenye jagi pana, subiri povu litulie. Washa mshumaa mfupi ndani ya glasi. Sasa inamisha jagi taratibu juu ya glasi kama unayemimina maji, lakini usiruhusu kimiminika kitoke. Mshumaa unazimika, na hakuna mtu aliyeona kitu kikimiminwa.

Gesi hiyo ni kabonidayoksaidi, yaani hewa ya ukaa. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ndiyo maana inakaa chini na kumiminika. Hapa ndipo somo linapogusa uhai wa watu. Gesi hiyo hiyo hukusanyika kwenye visima virefu, mashimo ya zamani na mapipa makubwa ya pombe inayochacha. Mtu akiteremka anaishiwa nguvu, wa pili anashuka kumwokoa, naye anabaki. Taa iliyoshushwa kwa kamba ikazimika ni onyo la kutoshuka. Lakini taa isipozimika si cheti cha usalama, kwa kuwa zipo gesi nyingine zenye sumu au zinazolipuka. Kisima cha mashaka waachie wenye vifaa.

Tahadhari: usifunge kifuniko cha chupa yenye magadi na siki. Itapasuka.

Somo la tatu: mshumaa na jiko la mkaa

Washa mishumaa mitatu inayolingana. Funika mmoja kwa glasi ndogo, wa pili kwa kubwa, wa tatu uache wazi. Upi utazimika kwanza? Wengi watapatia, na hilo ni sawa. Sasa uliza ambalo wengi hawalijui: pitisha kijiko kilichopoa juu kidogo ya mwali kwa sekunde mbili. Kijiko kinapata ukungu wa maji. Maji yametoka wapi ndani ya moto? Hidrojeni iliyo ndani ya nta imeungana na oksijeni ya hewa. Kisha shikilia sahani nyeupe katikati ya mwali: inapata masizi meusi, ambayo ni kaboni iliyokosa kuungua.

Neno kwa mwalimu. Lipo jaribio maarufu la kufunika mshumaa uliosimama ndani ya sahani ya maji, na maji yakapanda ndani ya glasi. Wengi hufundishwa kwamba maji yamechukua nafasi ya oksijeni yote iliyokwisha. Si hivyo. Mshumaa huzimika kabla oksijeni haijaisha, na maji hupanda zaidi kwa sababu hewa iliyopashwa moto inapoa na kusinyaa. Ukitaka kuonyesha kwamba oksijeni ni karibu sehemu moja ya tano ya hewa, subiri somo la nne.

Sasa chukua maharage. Punje nyeusi ni kaboni, nyekundu ni oksijeni. Waambie wanafunzi waoanishe: hewa ikiwa tele, kila nyeusi inapata nyekundu mbili. Hiyo ni CO₂. Sasa wape nyekundu chache, zisizotosha mbili mbili, na kila nyeusi lazima ipate angalau moja. Inabaki nyeusi moja na nyekundu moja: CO. Hiyo ni kabonimonoksaidi, gesi nyingine kabisa. Tofauti yake kwenye meza ni punje moja ya haragwe. Tofauti yake chumbani ni uhai na kifo.

Gesi hii haina rangi wala harufu. Inaposhika damu, inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, kwa hiyo mwili unakosa hewa huku mtu akiendelea kuvuta pumzi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala hazisikii. Mkaa usiotoa moshi si mkaa usio na sumu. Ule mwali mdogo wa buluu unaoonekana juu ya makaa ni gesi hiyo inayoungua, na mwali usipoonekana gesi bado inatoka. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata kama limefunikwa majivu, hata kama kuna mzazi aliyetoka kujifungua anayehitaji joto. Mtu akikutwa amezidiwa, fungua milango, mtoe nje kwenye hewa, mwahishe hospitali.

Mwanafunzi wa historia aliyeoanisha maharage yale kwa mkono wake hatasahau kwa nini dirisha lazima liwe wazi. Aliyekariri mlinganyo anaweza kusahau kabla ya likizo.

Somo la nne: kutu hudai nini

Chukua chupa nne na misumari minne mikavu. Ya kwanza: msumari mkavu, chupa kavu, kifuniko kimekazwa. Ya pili: maji yaliyochemshwa dakika kadhaa, yakapozwa yakiwa yamefunikwa, kisha mafuta ya kula juu yake ili hewa isiingie. Ya tatu: maji ya kawaida, nusu ya msumari iko nje. Ya nne: kama ya tatu, lakini maji yana chumvi. Andikeni utabiri, ziacheni wiki moja, mtazame kila siku.

Kutu itaonekana kwenye ya tatu na zaidi kwenye ya nne. Ya kwanza na ya pili zitabaki safi au karibu safi. Wanafunzi watagundua wenyewe kwamba kutu hudai vitu viwili kwa pamoja, maji na oksijeni, na kwamba chumvi huiharakisha. Hapo swali la mabati ya Pwani limejijibu, na pia kwa nini jembe hufutwa na kupakwa mafuta kabla ya kuwekwa.

Ile sehemu moja ya tano sasa. Osha kwa siki nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, aina inayoshika kutu, zisukutue kwa maji, zisukume mpaka kwenye kitako cha glasi ndefu zisianguke. Pindua glasi ndani ya sahani ya maji na uweke alama. Baada ya siku chache maji yatakuwa yamepanda karibu sehemu moja ya tano ya nafasi iliyokuwa na hewa, kisha yatasimama. Kutu imekula oksijeni polepole, bila joto la kutudanganya.

Somo la tano: kuhesabu kwa kupima, na siri ya sabuni

Hapa ndipo wengi waliiachia kemia: neno moli. Lakini kila muuza mayai anajua neno dazani. Dazani ni 12, iwe ya mayai au ya vitumbua. Moli nayo ni idadi tu, kubwa mno: takriban 6.02 × 10²³. Ni kubwa kwa sababu atomi ni ndogo kupita kiasi.

Pima punje 100 za mahindi, kisha punje 100 za maharage. Idadi ni moja, uzito si mmoja. Vivyo hivyo moli moja ya kaboni ina gramu 12, ya maji gramu 18, ya kostiki soda ya sabuni gramu 40. Sasa geuza swali: kilo ya ulezi na kilo ya mahindi, ipi ina punje nyingi? Mtoto yeyote wa kijijini atakujibu: ya ulezi, kwa kuwa punje zake ni ndogo.

Lishike jibu hilo, nenda kwenye sabuni. Sabuni hupatikana mafuta yanapomenyuka na kostiki soda. Kila molekuli ya mafuta hudai molekuli tatu za kostiki. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 180 za kostiki safi. Kilo moja ya mawese huhitaji takriban gramu 140. Kwa nini tofauti, na zote ni kilo? Kwa sababu molekuli za mafuta ya nazi ni ndogo. Mafuta ya nazi ni ulezi, mawese ni mahindi. Kilo ya ulezi ina punje nyingi, na kila punje inadai haki yake.

Kikundi kinachobadili mafuta bila kubadili kipimo kitajikuta na sabuni yenye mafuta yasiyogeuka, au mbaya zaidi, yenye kostiki iliyobaki inayochubua mikono ya wateja. Wanalaumu bahati, kumbe ni hesabu ya punje.

Hesabu hii ifanyike darasani kwa nafaka. Kostiki yenyewe isishikwe na wanafunzi. Watu wazima wanaotengeneza sabuni wajifunze kwa mzoefu na wazingatie haya:

Kostiki humiminwa kwenye maji kidogo kidogo; maji hayamiminwi juu ya kostiki. Mchanganyiko hupata moto mkali na unaweza kuruka.

Usitumie sufuria ya alumini. Kostiki huila alumini, hutoa joto na gesi ya hidrojeni inayowaka. Tumia plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu.

Vaa glavu na miwani, weka watoto mbali.

Ikimwagika mwilini au machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, nenda hospitali. Usipake limau wala siki kwa kuwaza kwamba asidi itaua besi. Ni kweli hupunguzana, lakini kwa kutoa joto, na joto hilo litakuwa kwenye ngozi yako.

Usalama: mambo yasiyojadiliwa

Hakuna kuonja wala kunusa kwa kuingiza pua. Nywele ndefu na mitandio ifungwe nyuma kukiwa na moto, na ndoo ya maji au mchanga iwe karibu. Asidi ya betri ya gari si ya majaribio ya nyumbani. Dawa ya klorini ya kuondoa madoa isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi wala na amonia, kwani hutoa gesi zinazochoma mapafu. Sumu za mashambani zisitumike darasani kabisa, na usiweke kemikali yoyote kwenye chupa ya soda au ya maji bila kuandika jina. Watoto wengi wameumia kwa kunywa kilichofanana na soda.

Darasa la watu 60 na dakika 80

Mwalimu atatuuliza: inawezekanaje na wanafunzi wote hawa? Gawa makundi 15 ya watu wanne. Kila mmoja awe na kazi: mpimaji, mfanyaji, mwandishi, na msemaji. Wiki ijayo wabadilishane, ili wasichana wasibaki kuwa waandishi na wavulana wafanyaji.

Kwa vipindi viwili vya dakika 40, dakika 10 ziwe za swali na utabiri, 30 za kufanya na kuandika, 25 za kujadili, 10 za kuleta maneno na alama, na 5 za kusafisha. Kama vifaa ni vya kundi moja tu, kiite kikundi mbele kifanye, lakini utabiri uandikwe na wote. Darasa zima likiwa na dau, hakuna mtazamaji.

Silabasi haikosi nafasi. Somo moja la vitendo kila wiki mbili, lililochaguliwa vizuri, huokoa muda wa kurudia yale yaliyokaririwa yakasahaulika.

Utajuaje kama wameelewa

Usiulize "asidi ni nini?" Hilo linajibiwa kwa kukariri. Uliza swali ambalo hawajalifanya. Mfano: bibi anaweka magadi kwenye kisamvu ili kilainike haraka, ukidondoshea choya kwenye maji yale, utabiri rangi gani, na kwa nini? Au: jirani ameweka misumari kwenye kopo la mafuta ya taa, je, itashika kutu? Anayetoa sababu yenye mantiki, hata kama neno la kitaalamu limempotea, ameelewa.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Je, mwanafunzi wa HGL au HKL anapata nini humo? Anapata uwezo wa kusoma lebo ya dawa, kuhoji tangazo la dawa ya kila ugonjwa, na kuandika habari ya maji yaliyochafuliwa bila kudanganywa. Wengi wa wanasheria, wanahabari na madiwani wetu wanatoka huko.

Mzazi asiyesoma anaweza kusaidia? Ndiyo, tena sana. Anayejua kutengeneza chumvi, kuchachusha togwa au kupika sabuni ya majivu ana kemia mkononi. Mwalimu amwalike aonyeshe, kisha darasa litafute maelezo.

Nianze na somo lipi? La kwanza. Manjano, limau na sabuni vipo karibu kila nyumba, na hakuna hatari. Ukilifanya vizuri, wanafunzi wenyewe watakuuliza la pili.

Msikilizaji, ukiwa mwalimu au kiongozi wa kikundi, hifadhi makala haya kwenye simu yako na uyapitishe kwa mwenzako. Na kama leo utatekeleza jambo moja tu katika yote tuliyoyasema, basi kabla ya kulala litoe jiko la mkaa nje.